Walitusifia Ulinzi, Tukanuna: Kisa cha Silverbacks, 2021

Mwishoni mwa Agosti 2021, Silverbacks, timu ya taifa ya Uganda ya mpira wa kikapu ya wanaume, iliifunga Nigeria pointi 80 kwa 68 katika ukumbi wa Kigali Arena na kuingia robo fainali ya AfroBasket, kombe la kikapu la mataifa ya Afrika. Ilikuwa mara yetu ya tatu kushiriki, baada ya 2015 na 2017, na hatukuwahi kufika hatua hiyo. Nigeria haikuwa timu ya kubeza: bingwa wa 2015, mshindi wa pili wa 2017. Ni kweli kwamba nyota wake wengi waliokuwa Olimpiki ya Tokyo wiki chache kabla hawakuja Kigali, lakini jezi ya Nigeria ni jezi ya Nigeria, na anayeivaa huwa hajaokotwa njiani.

Kesho yake sifa zilimwagika. Redioni asubuhi, magazetini, kwenye video za watangazaji waliokaa sebuleni kwao kwa sababu ya korona, wimbo ulikuwa mmoja: ulinzi. Uganda imekaba. Uganda imejenga ukuta. Uganda ina nguvu, ina moyo, haichoki. Hakuna aliyesema neno baya. Hata hivyo kundi la mashabiki ninalolijua vizuri, badala ya kufurahi, lilinuna kwa siku nzima mpaka mechi ya robo fainali dhidi ya Cape Verde ilipowakuta bado wanabishana. Nimechagua kisa hiki kwa sababu hasira ile ilionekana ya kitoto, na mimi naona ilikuwa na haki kubwa kuliko wenyewe walivyoweza kuieleza.

Kundi lenyewe hukutana kwenye saluni ya kinyozi Mkongomani, upande wa Nsambya, Kampala. Pale Kiswahili ndicho kinachotawala kwa sababu hakuna lugha nyingine inayowatosha wote: wastaafu wa polisi na watoto wao kutoka kambini, Wakongomani wa Bukavu na Uvira, Wakenya na Watanzania wanaosoma Kansanga. Mwaka ule kulikuwa na mwanafunzi mmoja Mkenya aliyekwama Kampala vyuo vilipofungwa, akawa anashinda hapo. Kulikuwa na mzee mmoja tunayemwita Afande, ambaye ujanani alicheza kikapu cha majeshi na magoti yake bado yanasimulia. Na kinyozi mwenyewe, ambaye anajua mpira wa miguu kwa undani na kikapu kwa mapenzi tu.

Lazima kwanza ieleweke kwa nini maneno ya waandishi yalikuwa na uzito kiasi kile. Kigali si mbali, ni kama kilomita 500 kwa barabara kupitia Masaka, Mbarara na Kabale. Mwaka mwingine wowote mabasi yangejaa. Lakini mpaka wa Gatuna ulikuwa umefungwa tangu Februari 2019 kwa ugomvi wa serikali mbili, na haukufunguliwa mpaka mwisho wa Januari 2022. Korona ikaongeza lake: kafyu ilianza saa moja jioni, baa zilikuwa zimefungwa, hakuna kibanda wala mkahawa wa kukusanya watu mbele ya skrini kubwa. Julai hiyohiyo ilikuwa imeanza kodi ya asilimia 12 juu ya data, na Facebook ilikuwa imezimwa tangu uchaguzi wa Januari. Kwa hiyo mashabiki waliozoea kukaa kwenye ngazi za Lugogo, uwanja wa kikapu wa Kampala, wakaona jasho la mchezaji na kusikia kocha anavyofoka, safari hii walikuwa wanaitazama timu yao kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya spiriti ya saluni, picha ikikwama kila mpira unapokaribia kikapu. Waliona vipande. Vilivyobaki waliletewa na waandishi, na kilicholetwa kilikuwa ulinzi.

Sasa, kwa nini kunung'unika?

Jibu la kwanza lilitoka kwa kinyozi, na halikuwa la kikapu kabisa. Alisema tu: «Hizi sifa nazijua. Ndizo walizotupa Gabon.» Alikuwa anazungumzia AFCON ya 2017. Uganda Cranes, timu yetu ya taifa ya mpira wa miguu, ilikuwa imerudi kwenye fainali za Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1978. Golini alikuwa Denis Onyango, aliyetoka tu kutajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Tulifungwa na Ghana 1 kwa 0, tukafungwa na Misri 1 kwa 0 dakika za mwisho kabisa, tukatoka 1 kwa 1 na Mali, tukarudi nyumbani. Na kila mtu alitusifu. Ulinzi mzuri, nidhamu, timu ngumu kufungika. Kwa hiyo shabiki wa Uganda ana kumbukumbu mahususi: akisikia mgeni anamsifia ulinzi, anajua begi liko karibu kufungwa. Sifa ya namna hiyo kwake ni pole iliyovalishwa suti.

Kosa la kinyozi, kama ni kosa, lilikuwa kuuhamisha mpira wa miguu na kuuingiza ukumbini. Mwanafunzi alimrekebisha palepale. Kwenye mpira wa miguu unaweza kujaza watu kumi nyuma, ukaacha mwenzako apige pasi mpaka achoke, ukaomba sare. Kikapu hakikupi hiyo nafasi. Una sekunde 24, halafu lazima uwe umerusha mpira ukagusa ringi, ukishindwa unampa mwenzako. Timu zote mbili hupata mashambulizi karibu sawa kwa idadi, maana ukimaliza lako ni zamu ya mwingine. Huwezi kujificha nyuma kwa dakika 40. Timu iliyozuia vizuri na isifunge inapoteza kama iliyofunga vizuri na isizuie. Kwa hiyo ulinzi wa kikapu hauwi mbinu ya mnyonge ya kunusuru aibu. Ni nusu nzima ya kazi.

Kinyozi alisikiliza, akapuliza nywele kwenye mashine, akasema: «Sawa. Na nusu ya pili iko wapi? Hizo 80 zilijifunga zenyewe?»

Hapo alikuwa amegusa kitu. Pointi 80 katika mechi ya dakika 40 ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, si kidogo, hasa Afrika, ambako michezo mikubwa huwa ya kubanana. Chukua fainali ya mashindano hayohayo: Tunisia ilitwaa kombe kwa kuifunga Côte d'Ivoire 78 kwa 75. Yaani bingwa wa Afrika alifunga siku ya fainali pointi chache kuliko tulizoifunga Nigeria. Ukisoma matokeo bila kujua majina ya timu, 80 kwa 68, ungeweza vilevile kuandika kwamba timu moja ilishambulia vizuri. Kwa nini kalamu zote zilikwenda upande wa 68?

Mimi nadhani jina lilisaidia. Silverback ni sokwe dume mkubwa wa milima, yule wa Bwindi na Mgahinga mwenye mgongo wa mvi, na ukishaipa timu jina hilo umemwandikia mwandishi nusu ya makala yake. Atatafuta kifua, atatafuta nguvu, atatafuta kishindo, na vitu hivyo ni rahisi kuvihusisha na kuzuia kuliko na pasi iliyopigwa kwa wakati. Mwanafunzi alichukia hili kuliko jambo lolote. Alisema timu za Ulaya zikikaba huambiwa zina mfumo, zetu zikikaba huambiwa zina misuli. Siwezi kumpimia hilo kwa mizani, na hakulileta kwa ushahidi. Lakini nilirudi kusikiliza baadhi ya yale maoni ya asubuhi nikiwa na sikio lake, na ni kweli: moyo, nguvu, kujituma, nguvu tena. Kuhusu nani alisimama wapi, hakuna.

Halafu kulikuwa na suala la Ishmail Wainright, na hili ndilo lililoitawanya saluni.

Wainright ni Mmarekani wa Kansas City aliyepata pasipoti ya Uganda mwaka huohuo wa 2021. Alisoma chuo kikuu cha Baylor, ambako sifa yake kubwa ilikuwa kukaba, na alipomaliza kikapu cha chuo alicheza hata mpira wa Kimarekani kwa msimu mmoja. Si mrefu sana kwa mtu anayepambana chini ya kikapu, karibu mita 1.96, lakini ana mwili ambao ukiugonga unarudi ulikotoka. Kigali alikuwa mfungaji wetu mkuu. Na katika sifa za ulinzi, jina lake ndilo lililotajwa kwanza, mara nyingi peke yake.

Watu wa Lugogo waliumia. Hawakumchukia, wengine walikuwa tayari kumpa shamba. Waliumia kwa sababu katika timu ile walikuwamo wachezaji wa aina mbili. Wengi walikuwa watoto wa ughaibuni: Adam Seiko wa chuo kikuu cha San Diego State, Arthur Kaluma aliyekuwa anaingia chuo kikuu cha Creighton, Robinson Opong wa Canada. Na walikuwamo wa nyumbani, nahodha Jimmy Enabu akiwa mbele yao, mtu wa City Oilers, klabu iliyotwaa ubingwa wa Uganda kila mwaka kuanzia 2013 hadi 2019. Korona ilikuwa imeivuruga ligi yao. Hawa walifika Kigali bila msimu wa maana miguuni. Shabiki wa Lugogo alikuwa anasubiri kitu kimoja tu cha kujivunia kama chake, na alijua hakitatoka kwenye orodha ya wafungaji. Ulinzi ulikuwa ndio mahali pekee ambapo mchezaji wa ligi ya Kampala angeweza kuhesabiwa sawa na wa Marekani. Kisha ulinzi ukasifiwa, na ukakabidhiwa Mmarekani.

«Wametupa sifa kwa mkono wa kulia,» alisema mmoja wa vijana wa kambini, «wakaichukua kwa wa kushoto.»

Afande alikuwa kimya mpaka hapo. Aliomba vifuniko vya soda. Kinyozi huwa anavitunza kwenye kopo kwa ajili ya watoto wanaosubiri kunyolewa, akamwaga kopo lote kwenye meza yenye vitana. Afande akachagua vitano vya Mirinda, hao sisi, na vitano vya Coca-Cola, hao Nigeria. Akasogeza kitana kikubwa kuwa mstari wa kikapu.

«Tazama, kijana. Huyu ana mpira.» Cocacola moja juu. «Mkubwa wao anakuja kumwekea kizuizi mlinzi wetu.» Cocacola ya pili ikagusa ubavu wa Mirinda. «Mlinzi wetu amegonga ukuta, amechelewa. Mwenye mpira anapita. Sasa nani anazuia?»

Mwanafunzi akaonyesha Mirinda ya mkubwa wetu, aliyekuwa anamkaba aliyeweka kizuizi.

«Huyo anachelewesha tu. Anasimama hatua mbili, anamlazimisha mwenye mpira atulie. Lakini mtu wake yeye sasa anakimbilia kikapu yuko huru, na pasi inakuja. Nani?»

Kimya. Afande akaweka kidole kwenye kifuniko kilichokuwa mbali kabisa, upande usio na mpira, ambacho hakuna aliyekuwa anakitazama. Akakivuta nusu kidole hadi katikati ya njia, akakigonganisha na ile Cocacola iliyokuwa inateremka, kisha akakirudisha upesi pembeni. «Huyu. Anaingia, anamgusa mwili, anamharibia hatua, halafu anarudi kwa mtu wake kabla mpira haujafika kona. Akichelewa kuingia, tumefungwa chini. Akichelewa kurudi, tumefungwa pointi tatu. Haibi mpira, hagongi mpira, haandikwi popote. Mimi nimecheza miaka hiyo yote, na ulinzi ni mtu wa tatu.»

Kijana wa kambini akauliza: «Sasa Kigali, Afande, wa tatu alikuwa nani?»

«Ndiyo hilo nauliza hawa waandishi wako.»

Hakuna aliyeweza kujibu, na si kwa ujinga. Simu ilikuwa inaonyesha mpira, na mpira hauko kwa mtu wa tatu. Kamera ya televisheni yenyewe hufuata mpira. Karatasi ya takwimu ya mechi huandika ribaundi (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa), mipira iliyoibwa, mipira iliyopigwa kofi, faulo. Mtu aliyefika mapema kiasi kwamba pasi haikupigwa kabisa hana safu yake. Mwandishi aliyekuwa Kampala naye, nyuma ya mpaka uleule uliofungwa, akitazama picha ileile, ataandika nini? Ataandika alichoona: mtu mkubwa mwenye kifua kipana anayefika kwenye kila ugomvi. Siwalaumu sana. Aliyetakiwa kulaumiwa kidogo ni aliyekuwa na nafasi ya kumuuliza kocha, George Galanopoulos, swali moja la mfumo, akauliza la hisia.

Kuhusu ile 68, ambayo ndiyo ilikuwa ushahidi wa kila mtu, kuna tatizo la hesabu ambalo mashabiki hawakuligusa na waandishi pia hawakuligusa. Pointi ulizofungwa hazipimi ulinzi mpaka ujue ulishambuliwa mara ngapi. Tuchukue mfano wa kubuni. Timu moja imefungwa 68 katika mashambulizi 80. Hiyo ni chini ya pointi 0.9 kwa kila shambulizi, ulinzi wa kiwango cha juu. Nyingine imefungwa 68 hizohizo katika mashambulizi 65, zaidi kidogo ya pointi moja kila shambulizi. Hiyo ni timu ya kawaida iliyocheza mechi ya polepole. Mashambulizi hukadiriwa kwa kuchukua mitupo yote isiyo huru, ukatoa ribaundi za kushambulia, ukaongeza mipira iliyopotezwa, ukaongeza mitupo huru iliyozidishwa kwa 0.44. Karatasi ya FIBA ina namba zote hizo na hutolewa bure kila baada ya mechi. Ni hesabu ya dakika tatu kwenye simu.

Hata ukiipata, bado kuna bahati. Ukimwacha mpigaji huru kwenye mstari wa pointi tatu, mita 6.75, na akakosa, kwenye karatasi umezuia. Akipata, umevuja. Wewe ulifanya kosa lilelile mara zote mbili. Mechi moja ni fupi mno kutofautisha, na hili linamhusu anayesifu na anayelaani kwa kiwango kimoja.

Ilipofika Cape Verde, mambo yaligeuka kwa namna ambayo ingenichekesha kama nisingekuwa Mganda. Tulifungwa 79 kwa 71, safari ikaishia hapo. Saluni ikagawanyika upya. Waliokuwa wanazikataa sifa za ulinzi sasa walisema ulinzi umetuangusha: mnaona, 79. Waliokuwa wanauliza 80 zilitoka wapi sasa walisema hatuna wafungaji. Nilichukua kalamu. Kutoka mechi ya Nigeria hadi ya Cape Verde tulifunga pointi 9 pungufu na tukafungwa 11 zaidi. Jumla ya pointi za timu zote mbili ilikuwa 148 mechi ya kwanza na 150 ya pili. Kwa kipimo hicho cha juu juu tuliteleza pande zote mbili karibu sawasawa, na aliyetaka kuutundika msiba kwenye upande mmoja alikuwa amekuja na kamba yake kutoka nyumbani.

Ila kulikuwa na kitu kimoja cha wazi ambacho hata simu iliyopasuka kioo iliweza kukionyesha: Walter Tavares. Mita 2.20, mchezaji wa Real Madrid, mmoja wa watano waliotajwa kwenye kikosi bora cha mashindano. Na hapa wanaotazama NBA usiku huwa wanapotea. Kule NBA kuna sheria inayomkataza mlinzi kukaa ndani ya eneo la rangi, lile lililo chini ya kikapu, zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu. FIBA haina sheria hiyo. Tavares anaruhusiwa kuweka kambi chini ya kikapu mechi nzima. Kinyozi alikuwa anapiga kelele refa apulize sekunde tatu, mwanafunzi anamwambia, «Mzee, hiyo ni ya Marekani,» kinyozi anasema basi iletwe.

Kumtazama Tavares kulifanya kazi ambayo vifuniko vya soda havikuimaliza. Mtu aliyesimama tu, mikono juu, na wachezaji wa timu nyingine wanafika mita tatu kutoka kwenye kikapu, wanamwona, wanageuka, wanarudisha mpira nje. Hakugusa mpira. Hakuna cha kuandikwa. Shambulizi limekufa. Kijana wa kambini, aliyekuwa amekasirika juzi kwa kusifiwa ulinzi, alisema kwa sauti ya mtu anayeomba: «Hivi sisi hatuwezi kupata mmoja wa hivi?» Afande alicheka mpaka akakohoa.

Hukumu yangu juu ya kisa hiki si sawa kwa pande zote. Kinyozi alikosea juu ya mchezo, akawa sahihi juu ya historia yake mwenyewe. Mwanafunzi alikuwa na hoja nzito ya misuli na mfumo, ila aliibeba kama fimbo, akamchapa nayo hata mtangazaji mmoja wa redio aliyekuwa amesema jambo la maana kuhusu kubadilishana watu kwenye kizuizi. Vijana wa Lugogo walikuwa na madai ya haki kabisa, nayo ndiyo naona yanabaki: sifa ya ulinzi ikitolewa kwa jina moja imeibiwa wengine wanne, na katika timu iliyochanganya watoto wa ughaibuni na wa ligi ya nyumbani, anayeibiwa huwa anajulikana mapema. Walichokosa ni lugha ya kuidai. Badala ya kusema «tuambieni nani aliingia kusaidia», walisema «mnatudharau», na ukimwambia mwandishi anakudharau wakati ametoka kukusifu, atakuona mtovu wa shukrani na atafunga daftari.

Oktoba mwaka huo Wainright alisaini Phoenix Suns ya NBA mkataba wa njia mbili, unaomruhusu mchezaji kugawa muda kati ya timu kubwa na ile ya ligi ndogo, na Aprili 2022 akapewa mkataba kamili. Kule nako walikuwa wanamtumia kwa kazi ileile, kukaba watu wa maumbo tofauti. Saluni ilipokea habari kwa fahari isiyo na mgogoro, kwa sababu sasa hakukuwa na mwingine wa kugawana naye. Novemba mwaka huohuo wa 2022, City Oilers ilifuzu kwenda Basketball Africa League ya 2023, ligi ya klabu za Afrika, klabu ya kwanza ya Uganda kufika huko, na mabishano yakapata uwanja mpya.

Katikati ya hayo, kafyu ilipoondolewa Januari 2022 na watu wakawa wanaweza kukaa mpaka usiku, mwanafunzi alileta mechi ya Nigeria nzima kwenye flashi. Kinyozi akafunga mlango nusu. Walipeana karatasi, mwanafunzi moja na Afande moja, sheria ikiwa rahisi: kila Nigeria inapotumia kizuizi, usitazame mpira, tazama upande wa pili, andika kama wa tatu amefika au hakufika, na jina lake. Kwa robo ya kwanza walirudisha picha nyuma mara nyingi hivi kwamba wateja wawili waliondoka hawajanyolewa. Ilipokuwa mapumziko walilinganisha. Mwanafunzi alikuwa amempa alama kila aliyefika. Afande alikuwa amempa alama aliyefika kabla mpira haujaachia mkono wa mpigaji pasi, na wengine wote akawaandikia sifuri, akiwemo mchezaji mmoja ambaye mwanafunzi alikuwa amemweka juu kabisa ya orodha yake. Walibishana juu ya mtu huyo mpaka betri ya kompyuta ikazima, na robo ya tatu na ya nne hazijahesabiwa hadi leo.